Ndiyo ya Baba

Mpaka leo sijui ni nani hasa aliyenipeleka Malaysia. Tiketi najua ilitoka wapi, walilipa wafadhili wa ziara. Ninachouliza ni kingine. Nauliza neno la kwenda lilikuwa la nani, na kama aliyelisema alikuwa na haki ya kulisema, na kama hakuwa nayo, mbona nilipanda ndege. Nimewauliza watu wengi. Kila mmoja amenijibu kwa uhakika kabisa, na sijapata majibu mawili yanayofanana.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu Nachingwea, makamu wa rais wa serikali ya wanafunzi. Cheo kikubwa kwa kukisikia. Kazi yenyewe ilikuwa kugombana na wapishi juu ya maharage yenye wadudu na kuwatuliza wasichana bweni likikosa maji. Asubuhi moja tukiwa mstarini tukatangaziwa kwamba rais na mimi tumechaguliwa kwenda Malaysia pamoja na viongozi wa vyuo vingine vya kusini, kujifunza uongozi na kuona wanafunzi wa huko wanavyoendesha mambo yao. Watu walipiga makofi. Rais wetu, kijana wa Dar mwenye maneno ya mjini, akaninong'oneza, "Dada, tumeula!" Mimi nilikuwa nafikiria sweta, maana nilishasikia kwamba ndani ya ndege kuna baridi.

Ijumaa ile nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani, Malolo, upande wa Ruangwa, kupeleka habari. Na hapa lazima nieleze, la sivyo utachanganyikiwa kama alivyochanganyikiwa mwalimu wetu mlezi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Ardhi nayo ni ya upande wa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, anajenga kwa wakwe na kulima kwa wakwe, na watoto atakaowazaa, likija jambo lao kubwa, ndoa au unyago au safari ya mbali, msemaji ni mjomba wao. Si nyumba zote zinazofuata hivyo siku hizi. Wengine wameacha, wengine wanafuata nusu nusu, pale panapowanufaisha. Nyumba yetu ilikuwa inafuata bila hata kujua kwamba inafuata.

Baba yangu ni mtu wa Mnero, wilaya ya Nachingwea. Alikuja Malolo kabla sijazaliwa, na baiskeli na mfuko wa mbegu za korosho. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alipewa jembe siku ya kwanza, akalishika mpaka mikorosho ikawa msitu, na bado watu wa kwetu walikuwa wakimwita "yule wa Mnero".

Nilimkuta mama jikoni. Nikamwambia nimechaguliwa kwenda nje ya nchi. Akaepua sufuria, akaiweka chini, akasema, "Mjomba wako ameshajua?"

"Mama, ndiyo kwanza nafika."

"Basi usimwambie mtu mwingine mpaka yeye ajue."

Mtu mwingine huyo alikuwa baba. Na baba alikuwa amekaa nje, nyuma ya ukuta ule ule wa jiko, amefungua mashine ya kupulizia dawa mikorosho na kuitandaza vipande vipande juu ya gunia. Ukuta wa jiko letu ni wa miti na udongo, na udongo wenyewe umeshabanduka. Hata ukipiga chafya ndani, aliye nje anakuombea afya. Lakini baba hakugeuza shingo. Aliendelea kupuliza vumbi kwenye kile kibomba kana kwamba ndani tunazungumzia chumvi.

Jioni mjomba akaja, kaka yake mama, nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu. Mama akamweleza. Mjomba akauliza Malaysia ni upande gani, nikamwonyesha kwa kidole mashariki, ingawa kwa kweli sikuwa na uhakika. Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa amekaa nasi kwenye mkeka huo huo, akisikia yote.

"Mlamu," akamwambia, maana ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "mtoto amepata safari."

"Aa! Kumbe?" baba akasema, na macho akayatoa.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikuwa nimeshuhudia mchezo huu tangu utotoni, ila siku ile ndiyo nilianza kuuona kuwa ni mchezo. Mjomba akasema amesikia. Ufuta wake ulikuwa umeshakatwa, matita yamesimamishwa shambani yanakauka, na ufuta ukikauka usipoupiga mapema maganda yake yanapasuka, mbegu zote zinamwagika ardhini. Akasema akimaliza kuupiga atarudi, tutakaa, atasema neno lake. Hakukataa, wala hakukubali. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshaondoka, na shamba lake liko huko ambako simu ni tochi tu.

Jumatatu mwalimu mlezi wa wanafunzi akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa kaskazini, kwao kwenye migomba, amehamishiwa kwetu mwaka mmoja tu nyuma. Mtu mwema, mwenye haraka. Alihitaji kusikia kwa masikio yake mzazi wa kila msafiri akiruhusu, kwa sababu majina yalikuwa yanakwenda Dar alasiri ile. Akampigia baba, akaweka spika.

"Mzee, shikamoo. Binti yako amepata safari ya masomo nje ya nchi. Nadhani amekueleza."

"Marahaba, mwalimu. Nashukuru sana. Habari hiyo ninayo."

"Kwa hiyo unamruhusu."

"Mwenye kuruhusu ni mjomba wake. Yuko shamba."

"Mzee, mimi nakuuliza wewe."

"Nimekusikia, mwalimu, na ndiyo nakujibu. Mjomba wake."

Mwalimu akaiziba simu kwa kiganja. "Huyu ni baba yako wa kukuzaa?" akaniuliza, taratibu, kama daktari anayeuliza jambo la aibu. Nikasema ndiyo. "Una hakika?" Nikasema nina hakika, na nikaanza kuhisi kwamba sina. Akamuaga baba kwa heshima, akakata simu, akakaa ananitazama. Niliona anavyonionea huruma. Kichwani mwake mimi nilikuwa mtoto aliyekataliwa na baba yake, au mtoto aliyetoa namba ya mtu mwingine.

"Nchi za watu, binti," akasema. "Likitokea jambo huko, nimtafute nani? Mjomba?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akadhani namfanyia jeuri. Akaniambia katibu wa wanafunzi, msichana wa Iringa, alikuwa akiba, na baba yake alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Kama mpaka alasiri sina mzazi anayeniruhusu, nafasi ni ya yule.

Nikatoka nje nikampigia mama. Mama akasema ameshajaribu kumtafuta mjomba, hapatikani. "Ngoja," akasema.

"Nitangoja mpaka lini, mama?"

"Mpaka arudi."

"Ndege haingoji!"

"Na ufuta haungoji. Sasa unataka nimfanyeje?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia mjomba na ufuta wake, na mama, na mwalimu. Baba ndiye niliyemkasirikia kuliko wote. Mtu mzima na ndevu zake, anaulizwa swali la neno moja, anashindwa! Nilikaa kwenye ngazi za bwalo nikimwona msichana wa Iringa akipita huku na huku, ananipa pole kwa sura ambayo tayari ilikuwa inafungasha.

Alasiri nikarudi ofisini kusikiliza hukumu yangu. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu. Simu yake ikalia, akaitazama, akaweka spika.

"Mwalimu," sauti ya baba ikasema. Alikuwa anahema, nadhani alikuwa ametoka kwenye mikorosho akapanda kilima kutafuta mtandao. "Mimi ndiye baba yake. Ndiyo. Aende."

Na akakata.

Mwalimu akacheka kwa furaha ya kweli. "Si ungemwambia aseme hivyo tangu asubuhi!" akasema, akaandika jina langu.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilitoka pale narukaruka. Nilipofika bwenini ndipo nikaacha kurukaruka, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema "aende" juu yangu. Hata nilipotaka kwenda kwenye mashindano ya shule Nachingwea alikuwa akisema, muulize mama yako, na maana yake ilikuwa, mama akamuulize kaka yake. Jioni mama akapiga simu. Hakusalimia. "Baba yako amefanya nini?" akaniuliza. Sikujua kama alikuwa amenifanyia jambo zuri au ametufanyia jambo baya.

Malaysia nisikuchoshe nayo. Nilijifunza mengi na kuelewa machache. Kulikuwa na maghorofa, mvua za ghafla, wali asubuhi mchana na jioni, na wanafunzi wenye baraza lao lenye bajeti na ofisi yenye zulia. Rais wetu alipiga picha kila mlango. Jambo moja tu nitalisema. Siku moja mwezeshaji, mama mmoja mpole aliyevaa ushungi, alitugawia karatasi kubwa na kalamu za rangi, akatuambia tuchore jinsi maamuzi yanavyofanyika katika nyumba zetu. Kiongozi, alisema, huanza kwa kujua maamuzi yanatoka wapi. Rais wetu alichora duara moja, akaandika ndani "baba", akaenda kunywa chai. Mimi nilichora duara la mjomba, na mshale kutoka kwa mama kwenda kwa mjomba, na mwingine kutoka kwa mjomba kwenda kwa baba. Halafu nikakumbuka ile simu, nikachora mshale kutoka kwa baba kuja kwangu, ukapita katikati ya duara la mjomba kama mwiba. Nikaufuta. Nikauchora tena. Mwezeshaji akaja kusimama nyuma yangu.

"Kwa hiyo mkuu wa familia ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia bado sijamaliza kuchora. Sikuwahi kumaliza.

Tuliporudi nilipitiliza mpaka Malolo na zawadi zangu kwenye mfuko. Baba nilimnunulia shati. Nilimkuta mama anapepeta mtama uani. Alinikumbatia, akanitazama kama nimenenepa, akaniuliza habari za wali. Nikauliza baba yuko wapi.

"Yuko Mnero."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

Akaendelea kupepeta, na huku anapepeta akanieleza. Mjomba alirudi kutoka shamba mimi nikiwa nimeshapanda ndege. Hakupiga kelele. Alikuja jioni, akakaa, akamuuliza baba kama ni kweli aliniruhusu. Baba akasema ni kweli. Akamuuliza kama alishindwa kumngojea. Baba akasema alishindwa. Mjomba akasema, "Mlamu, mikorosho ile uliipanda wewe, hakuna anayebisha. Lakini uliipanda kwenye ardhi ya nani?"

Basi. Hakuongeza neno. Na hakuna aliyekuwa pale, wala baba, wala mama, aliyedhani kwamba anazungumzia mikorosho. Kulipokucha baba akafunga nguo zake kwenye baiskeli, akaondoka, akaiacha miti yake ikiwa inatoa maua.

"Na wewe hukumzuia?" nikamuuliza mama.

Mama akaweka ungo chini. "Nimzuie nani? Yule mume wangu. Huyu tumenyonya ziwa moja. Niambie wewe uliyekwenda kusomea uongozi, nimzuie nani?"

Nikaenda kwa mjomba nikiwa nimejaa maneno. Njia nzima niliyapanga. Nilimkuta anashona magunia ya ufuta. Akanipokea vizuri mno, akaniita mpwa wangu, akaniagizia soda, akataka kujua kama huko wanalima. Maneno yangu yote yakaniyeyukia mdomoni. Mwishowe nikasema tu, "Mjomba, ungenikatalia?"

Akashangaa kweli kweli. "Nikukatalie kwa nini? Nilikuwa nimeshakubali tangu siku ile mkekani. Nilishamwambia hata mke wangu, mtoto ataleta sifa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nataka niulizwe vizuri, tukae, niseme. Mtu hasemi jambo kubwa hivyo amesimama, mawazo yake yako kwenye ufuta." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimeulizwa? Sikuulizwa. Nimekuta mtoto angani."

Niliondoka pale kichwa kinaniuma. Baba alitaka niende. Mjomba alitaka niende. Mama alitaka niende, na mwalimu, na wafadhili, na mimi mwenyewe. Hakuna mtu hata mmoja katika habari hii aliyetaka nisiende, na bado nyumba yetu ilikuwa imevunjika katikati. Nionyeshe aliyekosa. Mimi nimetafuta.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Nachingwea, nikachukua bodaboda mpaka Mnero, kwa shangazi, dada yake baba. Njiani nilikuwa nimemwandaa baba akilini mwangu: amekonda, amekaa peke yake pembeni, mtu wa kuhurumiwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa miaka yote ile nilimzoea baba mwenye kamba. Nilimkuta kwenye kiti cha mikono, chini ya upenu wa nyumba, kanzu imepigwa pasi. Watoto wa shangazi walikuwa wanampita wakiinama. Mmoja alileta maji ya kunawa bila kuagizwa. "Mjomba, karibu maji." "Mjomba, shati lako limekauka." Hata sauti yake ilikuwa imeteremka chini, ikawa nzito. Nilimpa lile shati la Malaysia, akalipokea kwa mikono miwili, akalikunja juu ya goti.

Nikamuuliza palepale, maana nilikuwa nimechoka kulibeba swali hilo. "Baba, kwa nini ulisema ndiyo?"

"Yule mwalimu aliniuliza mara mbili," akasema. "Mara mbili, mwanangu. Tangu umezaliwa, juu yako, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hata mara moja. Ile simu ilipokatwa nikaenda kupulizia mikorosho, nikashindwa. Mashine naiona nzito."

Machozi yakanitoka. Nilimshika mkono, nikamwambia ahsante, na nilikuwa namaanisha. Laiti ningeondoka wakati ule, ningeondoka na jibu.

Ila alasiri binamu yangu, binti wa shangazi, alikuja kupiga magoti mbele ya baba. Alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ushonaji Masasi, na kuna ndugu wa kukaa naye. Shangazi akaeleza. Mume wa shangazi, baba yake yule binti, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mtu mpole, wa Marambo, kahamia pale kwa mkewe kama baba yangu alivyohamia Malolo. Alikuwa anakatakata jani la mkeka kwa kucha, na nilimwona anavyomtazama binti yake, akiyafuata maneno ya mkewe kwa midomo.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. "Mwakani," akasema. "Mwaka huu amsaidie mama yake na mavuno."

Binti akasema ahsante mjomba. Akainuka. Basi, imeisha.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Baba," nikasema, "na baba yake anasemaje?"

Baba akanigeukia kama nimeuliza maoni ya mbuzi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa hajanielewa, kweli hajanielewa, mtu yule yule aliyeniliza saa chache zilizopita.

"Yeye ni baba yake," akanijibu.

Nilimtazama usoni kutafuta kama anayasikia maneno yake mwenyewe. Sikuona. Nikatafuta ndani yangu mafunzo yote ya zulia lile na kalamu za rangi, nikakosa hata sentensi moja ya kumwambia mtu ninayempenda. Nikasema nataka kuwahi bodaboda.

Mume wa shangazi ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, begi langu kalipakia kwenye baiskeli yake, anaisukuma. Tulipofika, akatazama nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nasikia baba yako alisema mwenyewe. Safari yako."

"Ndiyo, baba."

"Na mjomba wako alikuwa hayupo."

"Alikuwa hayupo."

Akalishusha begi, akafuta vumbi lake kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi.

"Alianzaje?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Alisema tu yeye ndiye baba yangu, kisha akasema niende. "Hivyo tu?" akasema. Nikasema hivyo tu. Bodaboda ikaja, akanisaidia kufunga begi, akaniambia nimsalimie mama. Tulipokuwa tunaondoka niligeuka. Alikuwa bado amesimama pale pale, ameshika baiskeli, peke yake, midomo inacheza.